Jina la Binti na Ndimi Zitakazoliita

Katika Kitabu cha Ruthu yumo mwanamke ambaye wasomaji wengi wa Biblia humpita haraka. Ni Orpa, yule aliyeagana na mama mkwe wake Naomi akarudi kwao Moabu, huku Ruthu akishika njia ya Bethlehemu. Mwaka 1954, katika mji mdogo wa Kosciusko, jimbo la Mississippi, Marekani, familia moja ilimpa binti yao jina hilo, na kwenye cheti likaandikwa Orpah. Halikuwakaa watu mdomoni. Herufi mbili za katikati zikapishana na mtoto akaitwa Oprah. Hakuna kikao kilichoketi kuamua hivyo. Oprah Winfrey anajulikana duniani kote kwa jina ambalo halikuchaguliwa na aliyeandikisha cheti chake. Limetokana na vinywa vya waliokuwa wakimwita.

Mhadhara huu unahusu mzazi anayemtafutia bintiye jina la nadra, na swali ambalo mzazi huyo mara nyingi hulisahau: nani atakayeliita, na atalitamkaje?

Kutaka jina la nadra si kosa. Darasani wakiwamo akina Neema watatu, mwalimu hulazimika kuwapambanua: Neema Mrefu, Neema wa Mzee Joseph, na yule Neema mwingine. Wa tatu hukua akijua kwamba yeye ndiye "yule mwingine". Mzazi anayetaka kumwepusha mwanawe na hali hiyo anaeleweka. Shida ni kwamba wengi siku hizi hulitafuta jina kwa macho. Huliona chini ya picha kwenye simu au katika tamthilia iliyotafsiriwa, wakapenda sura yake: ile q isiyofuatwa na u, zile y mbili, ile h ya mwisho isiyosikika. Halafu jina linatoka kwenye karatasi na kuanza kazi yake ya miaka yote, nayo ni kuitwa: uani, dirishani, kwenye foleni ya kliniki, kwenye simu yenye mtandao mbovu.

Kiswahili kina tabia zake na hakimwombi mtu ruhusa kuzitumia. Silabi zake nyingi huishia kwa irabu, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo Margaret amekuwa Magreti, Esther amekuwa Esta, na Jennifer amekuwa Jenifa mwenye mkazo kwenye ni. Watafsiri wa Biblia walilielewa jambo hilo; ndiyo maana Biblia ya Muungano ya 1952 ina Ruthu, Rebeka, Raheli na Elisabeti. Majina ya Kiarabu yalikuwa yamepita njia hiyohiyo zamani zaidi. Fatima alishakuwa Fatuma, Aisha akawa Asha, Zaynab akawa Zainabu, na Maryam akapata u ya kumalizia. Hakuna aliyeyaona majina hayo kuwa yameharibika. Yalikuwa yamepata uraia.

Sababu ya irabu hiyo ya mwisho husikika vizuri zaidi jioni, mtoto anapoitwa kutoka mbali. Mama anasimama mlangoni na kuvuta: Zuhuraaa! Chausikuuu! Sauti inapita ua, inavuka barabara, inamfikia mtoto aliyezama katika mchezo wa rede. Sasa mama huyohuyo ajaribu kumwita Scarlett. Jina linakatika kwenye ulimi kabla halijatoka nje ya uzio, kwa kuwa t haivutiki. Ndani ya wiki moja mama mwenyewe, bila kukusudia, atakuwa ameshaongeza i, na mtoto atakuwa Skaleti. Mzazi anayeweza kuishi kwa furaha na Skaleti, basi amwite Scarlett. Asiyeweza, atafute jingine mapema.

Hapo bado watoto wenzake hawajaanza kulifupisha, na lazima watalifupisha. Khadija huwa Dija, Fatuma huwa Fatu, Zainabu huwa Zena. Mwimbaji Zuchu, binti wa malkia wa taarabu Khadija Kopa, kwa jina la kuzaliwa ni Zuhura Othman Soud, na leo wapo mashabiki wengi wasiojua Zuhura ni nani. Jina jipya basi lipimwe hata likiwa nusu. Yapo majina mazuri ya Kihindi na ya Ulaya ambayo silabi zake mbili za kwanza haziwezi kutamkwa mbele ya wakwe. Msikilizaji atajaza mwenyewe.

Kwa wanaochagua majina ya Kiarabu, mtego uko kwenye sauti nne: kh, gh, dh na th. Chukua Radhia. Mtoto akizaliwa Mji Mkongwe, Mombasa au Tanga, jina hilo halimsumbui mtu, kwani dh ya radhi imo vinywani tangu utotoni. Familia ikihamia bara, muuguzi analiandika Razia kwenye kadi ya kliniki kwa sababu ndivyo alivyolisikia, na mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye lugha yake ya nyumbani haitofautishi r na l, anaandika Ladhia kwenye daftari la mahudhurio. Kila mmoja ameandika kwa uaminifu. Miaka kumi na mitano baadaye Radhia anakwenda kuomba kitambulisho cha taifa, anaambiwa vyeti vyake ni vya watu watatu, na anatumwa kwa wakili kuapa kwamba watu hao wote ni yeye. Raudha, Thureya na Ghaniya wanaijua foleni hiyo.

Mtu atasema kwamba hata majina ya kawaida yana mkanganyiko, na ni kweli: Khadija yuko Hadija, yuko Khadijah, yuko Hadijah. Tofauti ni kwamba karani ameshaliandika jina la Khadija mara nyingi mno katika kazi yake, na akiona mkanganyiko huuliza, "Ni yenye k au isiyo na k?" Kwa jina asilowahi kulisikia hana hata la kuuliza. Anaandika anachodhani na kuita, "Anayefuata!"

Kuna pia alama ndogo inayoitwa ritifaa, ile ya ng'. Mwigizaji Lupita Nyong'o alizaliwa Mexico City mwaka 1983, wazazi wake Wakenya wakiwa ugenini, na wakampa jina la huko: Lupita, kifupisho cha mapenzi cha Guadalupe. Kwa mtoto wa Kijaluo lilikuwa jina la nadra sana. Lakini litazameni: lu, pi, ta. Silabi tatu zilizo wazi, mkazo katikati, hakuna sauti ambayo mzee wa Kisumu au fundi cherehani wa Kariakoo angeshindwa kuitoa. Jina la Kimeksiko limeingia Afrika Mashariki kama lililofinyangwa hapahapa. Kinyume chake, ubini wake wa asili ndio unaoteseka ugenini. Mifumo mingi ya kompyuta haipokei ritifaa, na ikiondolewa linabaki Nyongo, neno ambalo kila msomaji wa Kiswahili analijua na anajua linakaa upande gani wa ini. Wenye majina ya Ng'endo na Chepng'etich wana hadithi za aina hiyo kila wanapokata tiketi ya ndege.

Uhuru wa kubuni jina haulingani kila mahali. Kwa desturi ya Wakikuyu, binti wa kwanza huchukua jina la mama mzaa baba, wa pili la mama mzaa mama. Jina limeshapangwa kabla mimba haijatungwa. Kwa Wajaluo, saa ya kuzaliwa ina neno lake: Akinyi wa asubuhi, Achieng wa jua la mchana, Atieno wa usiku. Pamoja na majina ya mvua, ya pacha na ya marehemu wa ukoo, mzazi habaki na nafasi kubwa ya kujionyesha. Ubunifu wote umekimbilia kwenye lile jina la mbele, lililoanza kama jina la ubatizo, na ndiyo sababu orodha ya shule moja ya Nairobi inaweza kumweka Wanjiru, jina lenye umri wa karne nyingi, nyuma ya jina lililobuniwa wiki moja kabla ya mtoto kuzaliwa.

Maisha ya Wangari Maathai yanaonyesha mtu anavyoweza kuyazunguka majina akarudi alikoanzia. Alizaliwa huko Nyeri mwaka 1940, akabatizwa Miriam. Alipoingia Ukatoliki akachukua Mary Josephine, na alipokuwa chuoni huko Kansas, Marekani, wenzake walimwita Mary Jo, jina rahisi kabisa kwa Wamarekani. Aliporudi Kenya aliliacha akajitambulisha kama Wangari Muta. Ndoa ikampa jina la Mathai. Ndoa ilipovunjika na mumewe akataka aliache, yeye akaongeza a moja: Maathai. Mwaka 2004 jina hilo likasomwa Oslo kwenye Tuzo ya Nobel ya Amani, a zote mbili zikiwa mahali pake.

Tanzania na Kenya hazina kamati ya serikali ya kupitisha majina. Iceland inayo tangu 1991. Sharti lake kubwa ni la kisarufi: jina lazima likubali viambishi vya Kiaislandi na liandikike kwa tahajia ya nchi hiyo. Msichana mmoja aliyepewa jina la Blær, upepo mwanana, alikataliwa kwa kuwa nomino hiyo katika lugha yao ni ya kiume, na kwa miaka yote ya utoto wake karatasi za serikali zilimtaja kwa neno Stúlka, yaani msichana tu. Mama yake alikuwa na hoja nzito: mhusika wa kike mwenye jina hilo yumo katika riwaya ya Halldór Laxness, mshindi wa Nobel wa taifa hilohilo. Tarehe 31 Januari 2013, binti akiwa na umri wa miaka 15, mahakama ya Reykjavik ilimpa haki ya kuitwa Blær.

New Zealand mambo yalikwenda upande wa pili. Mwaka 2008 jaji wa mahakama ya familia mjini New Plymouth alimweka mtoto wa miaka 9 chini ya ulinzi wa mahakama ili abadilishiwe jina, kwa kuwa wazazi walikuwa wamemwita Talula Does The Hula From Hawaii: sentensi nzima, Talula anacheza ngoma ya hula ya Hawaii. Mtoto alikuwa akiwaficha rafiki zake. Aliwaambia wamwite K. Na Sweden, mwaka 1996, wazazi waliogombana na sheria ya majina waliwasilisha jina la herufi na tarakimu 43 wakadai linatamkwa Albin. Huyo alikuwa wa kiume, lakini kisa chake ni kitamu mno kuachwa.

Kamati kama ya Iceland isije huku. Ofisa wa kata hana biashara ya kumfundisha mama sarufi ya jina la mwanawe. Ila ile kanuni yake ya msingi, kwamba jina lichukuane na lugha litakamoishi, ni kanuni njema kwa mzazi kujiwekea mwenyewe.

Majina ya Kiswahili yaliyokwenda mbali yanathibitisha jambo hilo kutoka upande wa pili wa bahari. Mwaka 1966 Maulana Karenga alipoanzisha sikukuu ya Kwanzaa Marekani aliweka misingi saba kwa Kiswahili: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba na Imani. Miwili kati ya hiyo, Nia na Imani, ikawa majina ya mabinti wa Kimarekani, mafupi, yenye silabi wazi, yasiyomkwaza mtu. Kujichagulia, pamoja na uzuri wote wa wazo lake, limebaki kwenye mishumaa. Mwaka huohuo televisheni ya huko ilimleta Nichelle Nichols katika Star Trek akiigiza ofisa wa chombo cha anga aitwaye Uhura, jina lililotolewa kwenye uhuru na kulainishwa kwa a ya mwisho ili lisikike la kike masikioni mwa Waingereza na Wamarekani. Kwa Mswahili a hiyo haisemi lolote: Neema ni wa kike, Juma ni wa kiume, wote wanaishia kwa a.

Hapa lazima pingamizi lisikilizwe, na ni pingamizi zito. Mwigizaji Uzo Aduba, Mmarekani wa asili ya Nigeria, amesimulia kwamba utotoni alimwomba mama yake amwite Zoe kwa kuwa shuleni walishindwa kutamka Uzoamaka. Mama akamjibu kwamba kama wameweza kujifunza kutamka Tchaikovsky, Michelangelo na Dostoyevsky, basi Uzoamaka nalo watajifunza. Jibu hilo lina haki yake yote. Kama Mwanaisha anakwenda kusoma Minnesota, mwalimu wa Minnesota ajifunze kusema mwa. Kazi ya kulegeza jina isimwangukie mtoto mwenye jina halali la kwao.

Lakini mama yake Uzo alikuwa anatetea jina ambalo bibi wa mtoto huyo angelitamka bila kujikwaa. Hilo ndilo linalotofautisha Uzoamaka na jina lenye q tatu lililookotwa mtandaoni: la kwanza ni gumu kwa mgeni, la pili ni gumu kwa mama mzazi. Mgeni ana wajibu wa kujifunza. Bibi hana.

Na anayetaka nadra ya kweli hana haja ya kwenda mbali, maana hazina ipo nyumbani na imeachwa ivumbike. Katika desturi ya Waswahili wa pwani, mtoto alipewa jina la utotoni mara alipozaliwa, mara nyingi na mzee wa ukoo, kisha kabla ya arubaini kwisha akapata jina la ukubwani. Jina la utotoni lilitaja lililotokea: Chausiku kwa aliyezaliwa usiku, Mwanamvua kwa aliyekuja na mvua, Sikudhani kwa aliyewashangaza wazazi, Pili na Tatu kwa zamu ya kuzaliwa. Sharifa Zawawi, Mswahili aliyefundisha New York, aliyakusanya majina ya namna hii katika kitabu chake Unaitwaje? cha 1993. Mshairi wa Pate aliyeandika utendi wa mawaidha kwa bintiye Mwana Hashima mwaka 1858 aliitwa Mwana Kupona. Leo mtu anaweza kuzunguka shule zote za wilaya asikutane na Kupona mwingine, na bado hakuna mwalimu atakayeuliza linatamkwaje.

Si kila kilichomo katika hazina hiyo kinafaa kuvaliwa tena. Tabu, Shida, Mashaka na Sikitu yalibeba huzuni ya siku moja na kumkabidhi mtoto maisha yote. Na yapo mabaya zaidi. Mwimbaji aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, alipewa jina la Mtumwa. Alipokuja mjini na sauti yake ikatambulika, watu wakamwita Siti, bibi mwenye heshima, na kwa jina la Siti binti Saad akaenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, na kwa jina hilohilo akaandikiwa wasifu na Shaaban Robert. Jina baya lilirekebishwa na walewale wanaotumia majina kila siku, yaani umma.

Zipo pia nomino na vitenzi vya kawaida ambavyo havijachoka. Tulia Ackson, aliyechaguliwa Spika wa Bunge la Tanzania mwaka 2022, ana jina ambalo ni amri ndogo ya kitenzi, na alikaa kwenye kiti ambacho nusu ya kazi yake ni kuwaambia watu watulie. Jina hilo mtoto wa miaka mitatu analiweza, mgeni wa Ulaya analiweza, kompyuta inalipokea, na wasichana wanaoitwa hivyo si wengi.

Kwa wazazi waliomo humu ukumbini na wale watakaosoma mhadhara huu ukiwa umechapishwa, ombi ni moja. Mkishapata jina, kabla ya kuliandika popote, mpigieni simu bibi wa mtoto kijijini, mtajieni mara moja tu, kisha mwambieni awatajie yeye. Mwiteni mtoto wa jirani wa miaka minne afanye hivyohivyo. Mwisho mpeni mtu asiyewajua aliandike kwa kusikia, bila kuona herufi. Yale matatu mtakayopata ndiyo majina halisi ya binti yenu. Kama mnayapenda, andikisheni. Kwa Tanzania Bara, uandikishaji wa kawaida wa kizazi kwa wakala wa usajili, RITA, hufanywa ndani ya siku 90 tangu mtoto kuzaliwa, na mwombeni ofisa awasomee kwa sauti alichoandika kabla hajagonga muhuri.